Kupe wa Bi Masuda

Al Barsha, Dubai
26 Agosti 2007

Kwa ndugu yangu mdogo Protas,

Kwa huzuni isiyo na kifani, na kwa niaba ya ukoo mzima wa mzee Makokha, natangaza kufariki dunia kwa soksi yako moja ya kijivu, ya mguu wa kushoto. Ilizama ndani ya mashine ya kufulia Jumanne asubuhi, na juhudi za Jalia, msichana wa kazi, hazikufua dafu. Marehemu ameacha mjane mmoja, soksi ya mguu wa kulia, ambaye kwa sasa anaishi mfukoni mwangu. Hakutakuwa na matanga.

Basi mimi na familia ya Bi Masuda tulirudi salama kutoka likizo ya huko kwenu. Joto lilitupokea nje ya uwanja wa ndege kama mtu aliyefungua tanuri la mikate akakwambia karibu. Bi Masuda akalivuta puani, akasema, "Alhamdulillahi. Hapa angalau pananuka watu. Kule Marekani pananuka majani."

Siku ile msituni uliniuliza, kwa hiyo sauti yako ya chuo kikuu, kama kweli hii ni kazi: mwanamume wa miaka arobaini na saba kumsukuma bibi wa watu kwenye kiti cha magurudumu. Sikukujibu kwa sababu nilikuwa nakutazama ukimpima panya uzito. Sasa nakujibu. Ni kazi. Mwanawe, arbab Saif, yaani bosi wangu, amezaliwa hapa, Kiswahili hakijui wala hana haja nacho. Madam, mkewe, ndiyo kabisa. Jalia anacho cha Kampala, ambacho Bi Masuda anasema bora kimya. Nabaki mimi. Bibi alizaliwa Unguja, mtaa wa Malindi, akaja huku na mumewe mwaka wa sitini na nne, na tangu mumewe afariki hakuwa na mtu wa kumtukana kwa lugha yake. Mimi niliajiriwa kutukanwa. Kusukuma kiti ni ziada.

Kila asubuhi, kwa miaka sita: "Shikamoo, Bi Mkubwa." Naye: "Marahaba, mpumbavu." Nikikosea ngeli, mpumbavu. Nikipandisha gurudumu kizingitini kwa pupa, mpumbavu. Analitamka taratibu, midomo ikikutana na kuachana, kama mtu anayeonja mchuzi wake mwenyewe akaridhika.

Lakini na wewe, Protas! Mzee alizunguka kijiji chote akitangaza kwamba mwanawe anakwenda Marekani kusomea viumbe. Viumbe! Watu walidhani ni simba. Kumbe panya. Mtu mzima, suruali imechomekwa ndani ya soksi, anaburuza shuka jeupe juu ya majani na kuinama kulitazama kama amedondosha sindano. Bado namsikia Bi Masuda: "Sanda naiona. Maiti yuko wapi?"

Mwambie Baba nimenenepa.

Nduguyo mkubwa, kwa umri tu,
Lawrence

Tena: barua hii Bi Masuda amenisahihishia kama kawaida, isipokuwa maneno haya, niliyoyaongeza baada ya yeye kulala. Madam alikuwa ametukataza kutoka kwenye njia ya lami. Bibi ndiye aliyeniamuru tuingie msituni, na mimi ni nani nimkatalie? Kwa hiyo ukikutana na mtu yeyote wa nyumba hii, hatukuonana msituni. Tulionana mbele ya duka la mikate.


Connecticut
6 Septemba 2007

Kaka Lawrence,

Pole kwa msiba wa soksi. Nilikupa jozi mbili, yako na ya bibi, za rangi nyepesi ili kupe aonekane akipanda. Naona ziliishia mfukoni.

Unanicheka kupima panya. Kabla ya bibi huyo wewe ulilinda mlango wa hoteli unaojifungua wenyewe. Mlango ulifanya kazi, na wewe ukalipwa kuutazama. Tusiongee habari za kazi.

Nitakueleza mara moja, kwa maneno ambayo hata mlango ule ungeelewa. Kupe wa huku anapoanguliwa ni msafi. Mama yake hamwachii ugonjwa huu. Katika maisha yake yote anakula milo mitatu. Wa kwanza, akiwa mdogo kama nukta, mara nyingi humpata kwa panya wa miguu myeupe, kwa sababu panya yuko chini na yuko kila mahali. Panya huyo ana vijidudu vya homa ya Lyme damuni, na havimsumbui hata kidogo: anakula, anazaa, anakimbia. Kupe ananyonya damu na vijidudu humo humo. Anadondoka, analala chini ya majani baridi yote, anajivua ngozi, na mwaka unaofuata anaamka kijana, mkubwa kama mbegu ya mchicha, ana njaa, na vijidudu viko tumboni. Akimpata panya mwingine aliye msafi, anamwachia. Panya huyo naye atawagawia kupe watakaoanguliwa mwisho wa kiangazi. Panya kwa kupe, kupe kwa panya, kama kikombe kimoja cha kahawa kinachozungushwa barazani bila kuoshwa. Binadamu hana nafasi barazani hapo. Ni mpita njia aliyeingiza mguu.

Ndiyo maana niliwaambia: mkifika nyumbani, jikagueni mwili mzima jioni ile ile. Nyuma ya magoti, kwapani, kwenye nywele. Kupe hana haraka. Akitolewa siku hiyo hiyo mara nyingi anakuwa hajaambukiza kitu. Akiachwa siku mbili tatu, hayo ni mengine.

Mlijikagua? Wote wawili? Nijibu hilo tu. Utani ulete baadaye.

Protas


Al Barsha, Dubai
18 Septemba 2007

Mheshimiwa Daktari wa Panya,

Nimejikagua. Kwa kioo cha bafuni, peke yangu, nikaona mambo ambayo sikuwa nimeyaona tangu ujana na sikufurahi kukutana nayo tena. Kupe sina. Kitambi ninacho.

Kuhusu Bi Masuda, hebu nifundishe, msomi. Nimwendee mama wa arbab, mjane wa Kiislamu, buibui limefika chini kabisa, mimi Lawrence wa Makokha, nimwambie, "Samahani, naomba kutazama nyuma ya goti lako"? Miaka sita sijaona hata kifundo cha mguu wake. Akishuka garini Jalia ndiye anayemshika yeye, mimi nashika kiti. Na nikimwambia Jalia amkague, Jalia atauliza kwa nini, na Jalia akiuliza jikoni, Madam anasikia sebuleni. Nyinyi huko mnakaguana kama ng'ombe wa mnada. Huku kuna adabu.

Nilimsomea Bibi kipande cha barua yako, cha kikombe cha kahawa. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo panya haugui, na kupe haugui. Augua aliyepita njia."

"Ndiyo, Bi Mkubwa."

"Sawasawa na nyumba hii." Akafumba macho.

Amefunga tangu Ramadhani ianze. Daktari amemkataza, Saif amemkataza, na kila anayemkataza anampa nguvu. Ila hali yake si nzuri sana. Tuliporudi tu alipata homa ya siku kadhaa. Madam akasema ni AC. Sasa goti la kushoto limevimba kama papai. Saif akampeleka kwa daktari mmoja mwenye saa ya dhahabu. Akaligonga goti kwa kidole, akasema baridi yabisi, mambo ya uzee. Bibi akanigeukia: "Mwambie na la kulia nimezaliwa nalo siku moja. Mbona lenyewe halijazeeka?"

Nikamwambia daktari kwamba Mama anashukuru.

Na sasa cheka kidogo, kwa kipande ambacho Bibi sijamsomea. Jalia anasema mwezi uliopita, akimwogesha, alimwona na choa nyuma ya goti hilo hilo: duara jekundu, kubwa kama kisahani, katikati peupe. Akampaka dawa ya choa, kikaisha. Bi Masuda na choa, kama mtoto wa darasa la pili! Nimemwahidi Jalia sitamwambia mtu, kwa hiyo nakwambia wewe tu, maana wewe unaongea na panya.

Ramadhani karimu, ingawa mimi na wewe ni Wakatoliki.

Lawrence


Connecticut
27 Septemba 2007

Lawrence,

Hicho si choa.

Nimekupigia simu mara tatu tangu barua yako ifike. Ya kwanza haikupokewa. Ya pili ilipokewa ikakatwa. Ya tatu, mtu mwenye sauti yako alinijibu kwa Kiingereza kwamba nimekosea namba. Kweli wewe ni mtu wa milango.

Kwa hiyo soma. Duara jekundu lenye katikati peupe, halafu homa, halafu goti moja linavimba na jingine zima. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huku angekwambia ni nini. Daktari wa Dubai hawezi, na simlaumu kwa hilo: huko hakuna kupe huyu wala panya huyu. Atautafutaje ugonjwa wa msituni kwa mtu ambaye familia nzima inaapa hakuacha lami? Anayejua alikopita ni wewe peke yako.

Dawa yake ni vidonge vya kawaida, vya wiki tatu au nne. Hakuna maajabu. Bila dawa goti linaweza kuendelea hivyo, na baada ya goti huweza kufuata uso, upande mmoja ukalala. Au moyo. Ana miaka mingapi huyo bibi? Sabini na nane? Fikiri mwenyewe.

Ndani ya bahasha kuna karatasi ya kumpa daktari, nimeandika kwa Kiingereza. Useme mlipoingia, ilikuwa lini, na habari ya duara. Watakufukuza? Labda. Sina dharau kwa mtu anayeogopa kufukuzwa. Lakini ukinyamaza nitakudharau, na si kwa utani.

Protas


Al Barsha, Dubai
8 Oktoba 2007

Ndugu mpendwa,

Tulia. Khalas. Imekwisha.

Niliingia majlisi baada ya futari. Saif ameketi, wageni wameketi, tende mezani. Sikutetemeka. Nilisimama katikati ya zulia, nikasema kwa Kiarabu safi, "Arbab, kuna jambo la afya ya Mama." Nikaeleza lote: panya, kupe, mbegu ya mchicha, kikombe cha barazani. Wageni waliacha tende nusu ya safari ya kinywani. Saif akasimama akanishika bega, akasema, "Lawrence, wewe si msukuma kiti. Wewe ni mtu wa nyumba hii." Madam alilia kidogo. Daktari akaitwa usiku huo huo, akaisoma karatasi yako, akavua saa yake ya dhahabu akaiweka mfukoni, kwa aibu nadhani.

Bi Masuda ameanza dawa. Goti linashuka. Kila mtu ananisalimia kwa heshima mpya, hata mtunza bustani.

Kwa hiyo lala usingizi. Na usinipigie simu, ina hitilafu: inajijibu yenyewe kwa Kiingereza.

Nduguyo,
Lawrence


Connecticut
17 Oktoba 2007

Kaka,

Barua yako ni nzuri mno. Ukurasa mzima, na hakuna mahali unapojicheka. Barua ya namna hii nimewahi kuiona mara moja, ulipomwandikia Mama kwamba umeacha sigara.

Daktari aliandika dawa gani? Za siku ngapi? Ameambiwa arudi lini? Yajibu hayo matatu. Namba ya nyumba yenu sina, lakini waliowapangisha ile nyumba ya huku lazima wanayo. Naanza kuwatafuta leo.

P.


Al Barsha
12 Mfunguo Mosi, sawa na 24 Oktoba 2007

Kwa Bwana Protas, mtega panya,

Ama baada ya salamu. Anwani yako nimeipata nyuma ya bahasha. Mwandiko huu ni wangu mwenyewe: mdomo wangu umekwenda upande, mkono haujakwenda popote.

Nduguyo amekuandikia uongo. Nnajua kwa sababu kila barua yake hunisomea nikamrekebisha, maana Kiswahili chake kina mawe kama mchele wa bei rahisi. Ile ya kumi la mwisho la Ramadhani hakunisomea. Mtu asiyethubutu kuisoma barua yake kwa sauti, basi ndani mna uongo, na huu nnaukisia: kwamba kesha sema. Hakusema. Alikuwa akija mlangoni kwangu akilitazama goti langu kama paka atazamaye mtungi wa samaki, akiulizwa ana nini, hujibu hana kitu.

Idi pili, sebule imejaa wake za watu. Nikainua kikombe cha kahawa, kahawa yote ikanimwagikia kifuani. Jicho la kushoto halifumbi. Nikataka kumwita nduguyo kwa jina nimwitalo, likatoka pumzi na mate. Wale wanawake wakainamisha nyuso, mmoja akacheka ndani ya mtandio wake. Namjua, na mamake nilimjua. Nduguyo alikuwa nje ya mlango na kiti. Akanitazama usoni. Akakiacha kiti akenda jikoni kwa mkwe wangu, na huko ndiko alikosema.

Daktari wa safari hii ni mwanamke, hana saa ya dhahabu. Karatasi yako kaisoma mara mbili, akaniuliza maneno ya maana, akanitoa damu, vidonge akanianzishia siku ile ile. Nduguyo wamemfukuza. Pengine hajakwambia, basi nakwambia mimi. Kiti wamempa mtu aitwaye Sharifu, anisukuma kama anapeleka magunia soko la Naif.

Nimemwambia mwanangu na mkewe kuwa mimi ndiye niliyemwamuru Lorensi aniingize msituni. Nawe ukiulizwa sema hivyo hivyo. Na yule mdudu, mimi nilimwona. Siku ya tatu, kashiba, kanenepa kama zabibu. Nikamng'oa kwa kucha nikamtupa chooni, nikanyamaza kimya. Ningelisema, wangelimrudisha nduguyo kwao kwa ndege ya kwanza, na mimi ningelibaki na watu wanaonisemesha kwa sauti ya juu kana kwamba mimi kiziwi. Mwenye kosa usimtafute mbali.

Kazi yako naiona bado ni kazi ya hovyo. Lakini kwa kuwa unaijua, nina swali moja. Mdomo hurudi? Sitaki maneno ya asali. Nijibu kama unavyomjibu panya.

Masuda binti Khalfan


Satwa, Dubai
29 Novemba 2007

Protas,

Hii nimeisoma kwa sauti kabla ya kuifunga. Ronny, Mkenya mwenzetu anayelinda maduka, ambaye kitanda chake kiko juu ya changu humu chumbani, amesikiliza yote. Amesema niendelee kulala chini, ndiyo nafasi yangu.

Hakuna zulia, hakuna tende, hakuna mkono begani. Nilikwenda mpaka mlango wa majlisi jioni nyingi, karatasi yako mfukoni pamoja na yule mjane wa soksi. Jioni moja Saif aliinua macho, akauliza, "Shu, Lawrence?" Nikamwambia gurudumu linahitaji mafuta. Akasema nenda kanunue. Nikanunua, nikapaka. Kiti kikanyamaza, tukawa wawili.

Usiku huo ndio nilikuandikia ile barua. Unajua ilivyo? Nilipokuwa naandika, nilikuwa naamini. Saif alinishika bega kweli. Niliona raha mpaka nikajionea huruma.

Siku ya Idi pili nilimwambia Madam jikoni, kwa lugha tatu zote mbovu. Nikawa namwonyesha goti langu mwenyewe, nikachora duara kwa kidole kwenye unga uliomwagika mezani. Aliposikia panya akanisimamisha.

"Ulimpeleka mama mkwe wangu msituni kutazama panya?"

"Ndiyo, Madam."

"Panya."

"Na ndugu yangu, Madam. Ndiye anayewakamata."

Hakupiga kelele. Alinitazama kama mtu anayetazama kitu alichokikanyaga, kisha akachukua funguo za gari. Baada ya siku nne Saif alisema neno moja tu, khalas, na hata hilo alimtuma Jalia aniletee.

Hayo Bibi amekuandikia, kama ulivyonisimulia kwenye simu, kwa ufupi wake. Sasa liko moja ambalo hakukuandikia, ingawa analijua vizuri kuliko sisi wote. Hakuniamuru. Mimi nilikuandikia kwamba aliniamuru, yeye akawaambia kina Saif kwamba aliniamuru, na hatukupatana wala kukubaliana. Uongo ulitoka kwangu ukatoka na kwake. Kweli ni hii. Tulifika mwisho wa lami, tukakuona kwa mbali na shuka lako. Akasema, "Lorensi, hapa panatosha. Namwona." Mimi nikasema, "Mbele kidogo, Bi Mkubwa. Kuna kichekesho."

Nilitaka akucheke kwa karibu. Ndiyo hivyo tu. Katika nyumba ile mpumbavu nilikuwa mmoja. Na kwetu, kwa Baba, nilikuwa mmoja vilevile, tangu siku ulipoanza kusoma gazeti ukiwa huna hata meno ya mbele. Nikaona siku moja na tuwe wawili. Nikasukuma. Uliponyoosha mkono na zile soksi nilicheka kwa nguvu ili naye acheke, na akasema ile ya sanda, na ukaona haya, nilikuona. Nilifurahi, Protas. Sijafurahi hivyo siku nyingi. Na wakati nafurahi, pindo la buibui lake lilikuwa linaburuza majani kando ya gurudumu, polepole, kama shuka lako, likizoa kupe wale wale unaowazoa wewe. Ila wewe lako unaligeuza ukaliangalia.

Visa imefutwa, ndege ni kesho. Jana nilikwenda Al Barsha kuchukua pasipoti. Ndani sikuruhusiwa, Jalia aliniletea langoni, akanipa na sambusa, akasema nisiseme zimetoka kwake. Nikawa nageuka kuondoka nikasikia kiti. Kile kiti nakijua. Kilikuwa kinalia tena, Sharifu hakipaki mafuta. Akamleta Bibi mpaka langoni kwa kasi ya mtu anayewahi basi, akasimama pembeni, akatazama simu yake.

Goti limenywea, kwa maneno ya Jalia. Jicho la kushoto linafumba, si lote. Alinikagua kuanzia viatuni kwenda juu, bila haraka.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

Hakuitikia. "Nduguyo kaniandikia," akasema, na maneno yalikuwa yakivuja kidogo upande mmoja. "Kasema mdomo hurudi, kwa wengi, si kwa wote. Nifanye mazoezi mbele ya kioo."

"Anajua, Bi Mkubwa."

"Kiswahili chake kisafi kuliko chako."

"Ndiyo."

"Na bado mtega panya."

"Na bado, Bi Mkubwa."

Nikaona hapo hapo nikiondoka bila kusema, nitakwenda nalo mpaka kwetu Kimilili. Nikasema, "Bi Mkubwa, si wewe uliyesema twende mbele. Kwa nini uliwaambia ni wewe?"

Sharifu akainua macho kwenye simu. Hajui Kiswahili, lakini sauti aliisikia. Bibi akamwashiria amgeuze. Kiti kikageuka nusu, kikakwama kwenye kokoto. Sharifu akasukuma kwa nguvu. Nilitaka kusogea, nikakumbuka lango.

"Ngoja," akamwambia Sharifu kwa Kiarabu. Akanitazama kwa ubavu, kwa ule upande mzima. Kisha akageuza uso wote. Midomo ikaanza kukusanyika: upande wa kulia ukatangulia, wa kushoto ukafuata ukichechemea, na nikaona ilivyo kazi, kama kupandisha kiti kizingitini bila wa kukusaidia.

"Marahaba," akasema. Akapumzika. Akajipangusa pembe ya mdomo kwa ncha ya mtandio.

"Mpumbavu."

Herufi zote zilikuwemo.

Nduguyo,
Lawrence